Shingo ya Farasi Mweupe

Mimi na dada yangu mkubwa hatukuwa tumewahi kumwona farasi kwa macho yetu. Kwetu Kola tulikuwa na punda tu, wa kubeba maji. Ndiyo maana kila farasi wa plastiki tuliyempaka rangi alipata msalaba mweusi mabegani, ule wa punda. Tulidhani ni lazima. Mama alitucheka: "Sasa hii ing'oi, hii punda yenu, mmeipeleka saluni?"

Dada alishona nguo katika kiwanda kimoja huko Athi River. Wenzake wakipata nafasi walinunua viatu. Yeye alipitia soko la mitumba Machakos, akachakura marundo ya vitu vya watoto mpaka apate farasi. Mtu mzima na akili zake! Jumamosi alifika nyumbani na farasi ndani ya mkoba, pamoja na mabaki ya nyuzi za kumtengenezea singa za shingoni. Tuliwasugua kwa msasa, tukawapaka rangi iliyobaki ya geti, kwato tukazimalizia kwa rangi ya kucha.

Kukunja shingo ilikuwa kazi yake peke yake. Alimtumbukiza farasi kwenye sufuria ya maji moto, na plastiki ikilegea aliikunja taratibu, kisha akamzamisha kwenye maji baridi.

"Lakini ikipata moto tena, inarudi vile ilikuwa," aliniambia. "Hii plastiki ni kichwa ngumu kama wewe."

Ugonjwa wa kifua ulipomzidi dada aliacha kazi, akarudi nyumbani. Siku moja aliniomba nichemshe maji. Alikuwa na farasi mmoja mweupe aliyebaki. Alimkunja akiwa ameketi kitandani, nami nimeshika beseni. Farasi akageuza shingo, akatazama nyuma.

"Anaangalia nini?" nikamuuliza.

"Anaangalia kama unakuja."

Hakuwahi kumpaka rangi.

Baada ya mazishi nilikwenda mjini kununua kopo dogo la rangi ya kahawia, nimmalizie. Niliporudi nilimkuta mama ametoa nje kila kitu cha dada: godoro, mablanketi, nguo zimefuliwa na kuanikwa. Farasi naye alikuwa ameoshwa na kuwekwa juu ya mabati ya jikoni, pale tunapoanika maharagwe. Jua la kwetu halina mchezo. Nilipomshusha alinichoma vidole. Shingo ilikuwa imenyooka, anatazama mbele kama siku aliyotoka sokoni.

Nilitaka kupiga nduru. Sijawahi kumkasirikia mama vile, na hakuwa amefanya kosa lolote. Ningeweza kuchemsha maji nimkunje tena, lakini hiyo ingekuwa kazi ya mikono yangu. Kazi ya mikono ya dada ilikuwa imeyeyuka, na hakukuwa na nyingine.

Nikafungua kopo nikaanza kupaka. Niliacha msalaba uwe wa mwisho. Mama alikuja akaketi karibu nami, macho yamevimba, akamtazama farasi kwa muda mrefu.

"Mwana wakwa," akasema polepole, "huyu si alikuwa anaangalia nyuma?"

Niliona uso wake unaanza kubadilika.

"Hapana, mwaitu," nikamjibu. "Alikuwa hivi tu tangu mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa, akanishikia kopo la rangi.