Ukuta wa Baba Mkwe

Mgeni akija Kisii akaniuliza atembelee wapi, namtajia haraka haraka: magenge ya Manga, wachonga mawe wa Tabaka, majengo ya kikoloni pale mjini. Gesarate letu silitaji. Lilikuwa karibu na Mosocho, katika shamba la baba mkwe wangu: boma la kale ambamo vijana wa ukoo walilala wakilinda ng'ombe wasiibwe, kabla Wazungu hawajayavunja maboma hayo. Letu lilibakiza ukuta wa udongo na mawe, wa kimo cha kiuno, na pengo palipokuwa na mlango. Jumapili watu walitoka mjini kuja kulitazama.

Katikati ya miaka ya sitini serikali ilikuwa inapima mashamba ili kila mtu apate hati yake. Msimu huo hakuna aliyemwamini mwenzake. Mtu aliamka akakuta mikonge ya mpakani imetembea hatua tatu. Jirani yetu wa bondeni alidai kipande chenye gesarate ni chake. Kipande hicho ndicho mume wangu alichoahidiwa na baba yake, naye mume wangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Tukikikosa, tungebaki na mteremko wa mawe ambao hata mtama hauoti.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka mjini, suti ya kijivu, daftari kubwa kwapani. Alisema anaandika kijitabu cha mahali pa kutembelea Kisii. Nikajisemea, kaa na uongo wako. Nani atoke Nairobi aje kutazama udongo? Akauzunguka ukuta, akahesabu hatua, akachora. Baba mkwe alikuwa naye akimwonyesha hiki na kile kwa fimbo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana mzee yule hakuwa mtu wa kuchekacheka na wageni. Mara ya pili mwalimu alikuja na kamba ya kupimia. Mara ya tatu nilimkuta njiani amesimama na jirani yetu wakisalimiana, nikaona sasa nimewashika.

Kumuuliza baba mkwe ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini kwetu mke wa mwana haingii nyumbani kwa baba mkwe, hampi mkono, wala haketi naye kumhoji. Mama mkwe, ambaye angenipelekea swali, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Basi nikakaa na shaka yangu, nikailisha ikanenepa. Niliona wazi kwamba serikali itazungushia waya pale, iseme ni mahali pa historia, sisi tuambiwe tupishe. Au jirani amemhonga mwalimu achore mpaka anavyoutaka yeye. Sikujua ni lipi kati ya hayo, nikayaamini yote mawili.

Baba mkwe akaenda Nyansiongo kwa siku nne kumsalimia dada yake. Siku ya kwanza tu nikashika jembe, nikaanza kuubomoa ukuta. Udongo ule ulikuwa mgumu ajabu, nikatoka malengelenge mikono yote miwili, lakini nilifurahi, siwezi kudanganya. Mawe niliyatupa mtoni. Jirani alisimama upande wake akanitazama. Siku ya tatu nikapanda migomba pale pale, nikasema sasa waje na daftari lao.

Mzee aliporudi alisimama kwenye ile migomba kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa napalilia mahindi hapo karibu, kichwa chini. Kisha akaenda zake.

Wiki iliyofuata kamati ya mashamba ikafika, wazee saba na mpimaji. Wanawake tulisimama nyuma. Baba mkwe akaeleza kwamba gesarate lilijengwa na baba yake, na kwamba mlango wa boma kama hilo hutazama nyumbani kwa mwenye ng'ombe. Mlango ule ulitazama kwetu. Ndiyo sababu, akasema, mwalimu alipokuja na kijitabu chake yeye alimwomba aupime ukuta na kuuchora vizuri, kamati ipate ushahidi. Akatoa karatasi. Hata jiwe moja halikusahauliwa.



Jirani akasema michoro hununuliwa, na kwamba mlango ulitazama bondeni, kwake. "Kama wanasema kweli, mbona wameubomoa ukuta?"

Mwenyekiti akamgeukia baba mkwe. "Nani ameubomoa, mzee?"

Mzee hakugeuka kunitazama. "Ni mimi," akasema.

Jirani alijua ukweli, akanyamaza kwa kuwa jibu lile lilimfaa. Mimi nilinyamaza kwa woga. Kamati ikampa jirani kile kipande, na habari ikaenea mpaka sokoni kwamba mzee fulani amebomoa gesarate la baba yake ili aibe shamba.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Mwezi huo huo, siku ya Sabato, mchungaji alisimama akaeleza kosa lake mbele ya watu wote, akasema anaondolewa katika uzee wa kanisa. Kisha akauliza kama kuna mtu mwenye neno la kumtetea. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Akangoja, akauliza tena, na mikono yangu ikabaki magotini.