Debe la Asali na Hisa za Nyanda

Egidi Lugembe wa Isevya, Tabora mjini, alikuwa mtu wa mizani. Kwa miaka mingi alipokea asali kwenye ghala la chama cha wafugaji nyuki pale Ng'ambo. Wanavijiji walishusha madebe, yeye akaonja kwa kijiti, akapima, akataja bei, na neno lake halikupingwa. Alipostaafu aliiacha mizani ghalani, lakini bei aliondoka nazo kichwani. Ukimwuliza debe la asali lilikuwa shilingi ngapi mwaka aliooa, au mwaka binti yake alipobatizwa, atakujibu kabla hujamaliza swali. Na hilo ndilo lililomponza.

Kijijini kwao Goweko kila kitu kilipimwa kwa debe la asali. Baba yake hakuwahi kusema baiskeli ni shilingi kadhaa. Alisema baiskeli ni madebe matatu. Hata mahari ya Josepha, mke wa mdogo wake Venansi, ilitajwa kwa ng'ombe, lakini wazee walijitenga kwanza wakaigeuza kuwa madebe ili wajue kama wanaonewa. Tusiwacheke. Tabora imezoea tangu zama za misafara kupimia kitu kwa kitu kingine: pembe za ndovu kwa doti za nguo, nguo kwa shanga. Mfanyabiashara aliyefika na mzigo wa shanga nyekundu wakati watu wameshahamia kwenye nyeupe aliondoka analia. Kisa hicho watu wa hapa wanakijua wote, na hakuna anayedhani kinamhusu yeye.

Venansi alikuwa fundi wa reli. Alipofariki, mafao yake yalimfikia mjane wake, naye Josepha akayapeleka moja kwa moja kwa Egidi.

"Shemeji, mimi najua kulima na kutunza mizinga," alisema. "Pesa ya namna hii sijui inakaa wapi. Wewe ndiye mkubwa. Niambie pa kuiweka."

Shamba la Goweko, fungu la Venansi katika urithi wa baba yao, hakulitaja. Lile lilikuwa pori la miti, mitundu na miyombo mikubwa, na mizinga ya magogo ilining'inia humo tangu enzi za baba yao. Josepha aliliangalia shamba lile kama mtu anavyoangalia mkono wake mwenyewe. Haikumpitikia kwamba linaweza kuuzwa.

Bahati, au tuseme balaa, siku zile alikuja dada mmoja kutoka Dar es Salaam kufundisha habari za hisa katika ukumbi wa parokia. Egidi alikaa mstari wa mbele. Yule dada alisema kampuni ya umeme haipimwi kwa faida ya mwaka mmoja. Mvua zikinyesha, mabwawa yakajaa, faida inapanda; ukame ukija, kampuni inachoma mafuta ili mitambo izunguke, faida inanywea. Kwa hiyo chukua faida ya kila hisa kwa miaka kumi. Faida ya kila mwaka wa nyuma igeuze iwe shilingi za leo, kwa sababu elfu moja ya zamani ilinunua vitu vingi kuliko elfu ya sasa. Halafu tafuta wastani, uulinganishe na bei ya hisa sokoni. Bei ikiwa mara chache tu ya wastani huo, hisa ni rahisi. Ikiwa mara nyingi, waachie wenyewe.

Egidi alielewa kuliko wote ukumbini. Mfuga nyuki gani hununua mti wenye mizinga kwa kutazama mavuno ya msimu mmoja? Kuna mwaka miti inachanua hadi pori zima linanukia, na kuna mwaka nyuki wanahama. Unauliza miaka yote, ndipo unataja bei. Aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika mpaka jirani yake akamtazama.

Ila kwenye kugeuza shilingi, yule dada alisema watumie takwimu za serikali za kupanda kwa bei, akawaonyesha zinapopatikana. Hapo Egidi alitabasamu peke yake. Takwimu za nini, na yeye ana debe?

Nyumbani alikaa na taarifa za kampuni moja ya umeme iitwayo Nyanda, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa shilingi elfu mbili. Miaka kumi nyuma kila hisa ilikuwa imepata faida ya shilingi mia moja. Mwaka ule debe la asali lilikuwa elfu sitini. Sasa lilikuwa laki mbili na arobaini. Mara nne. Basi mia ile ni mia nne ya leo. Akaenda hivyo mwaka kwa mwaka, na wastani ukatoka mia mbili na hamsini. Elfu mbili kwa faida ya mia mbili na hamsini! Miaka minane tu, na hisa imerudisha gharama yake. Aliona wenzake wote ni vipofu.

Josepha akanunua Nyanda kwa mafao yote ya mumewe.

Miezi michache baadaye mvua zilinyesha vizuri, na bei ya Nyanda ikapanda kidogo. Kidogo tu, lakini ilitosha kumfanya Egidi atembee Isevya kama bwana harusi. Pale kanisani watu walianza kumwita Mzee wa Hisa. Stela, mkewe, alimwambia apunguze maringo, akajibu kwamba si maringo, ni elimu. Na siku ya misa ya kumwombea Venansi, wakati watu wanakula, alisema mbele ya Josepha maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayaseme: "Bado iko nusu ya bei yake. Mimi ningekuwa na kitu cha kuuza, ningeuza leo nikaongeza Nyanda."

Josepha aliacha kutafuna. Kitu cha kuuza alikuwa nacho.

Hazikupita wiki nyingi akapata mnunuzi wa shamba. Silasi, mkulima wa tumbaku, alilitaka kwa sababu ya miti. Tumbaku haikauki bila kuni, na kuni za mabani yake ya kukaushia zilikuwa zimekwisha. Josepha alimpigia Egidi kumweleza, na Egidi akasema ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Mizinga ya baba yake mwenyewe, na alisema hivyo.

Jumatano moja alipita Ng'ambo dukani kwa Amne, mwanamke mwenye kuuza asali na nta, kuwasalimu wenzake wa zamani.

"Shikamoo, mzee Egidi."

"Marahaba, mwanangu. Soko vipi?"

"Soko limekufa. Yule mnunuzi wa nje aliyekuwa anatupandishia bei miaka yote hii, mwaka huu hakuja. Debe limerudi laki moja na nusu, na hata hiyo unaibembeleza."

Egidi alimpa pole. Lakini njiani kurudi, kwa mazoea tu, alianza kugeuza hesabu zake kwa bei mpya ya debe. Ile mia moja ya miaka kumi nyuma, ambayo jana ilikuwa mia nne, sasa ikawa mia mbili na hamsini. Alisimama katikati ya njia hadi mwendesha bodaboda akampigia honi. Faida ya mwaka ule ilishapatikana, ikagawiwa, ikaliwa, watu wakasahau. Itapunguaje leo kwa sababu mtu mmoja hakuja Ng'ambo kununua asali?

Jibu lilimjia palepale. Iliyokuwa imepanda mara nne ni asali peke yake, kwa sababu wazungu walikuwa wameipenda. Sukari haikupanda hivyo, wala sabuni, wala nauli ya kwenda Nzega. Vya elfu mbili vilikuwa vimefika elfu tatu, basi. Alipofika nyumbani alizitafuta zile takwimu alizozidharau, akafanya hesabu upya. Wastani ukatoka mia moja na ishirini. Bei ya hisa ilikuwa zaidi ya mara kumi na sita ya faida yake. Hisa za Nyanda hazikuwa nusu ya bei. Hazikuwa rahisi hata kidogo, na zikishuka kesho hakuna atakayeshangaa ila Josepha.

Mtu mwingine angechukua simu usiku uleule. Egidi aliitazama simu, akala ugali, akaitazama tena. Nafsi ilimsuta, naye akawa anaijibu. Bei si imepanda? Nani amepata hasara? Na akisema, jumuiya nzima itajua kwamba Mzee wa Hisa alipima umeme kwa debe la asali. Aliona wanavyocheka. Aliona aibu hiyo waziwazi kuliko alivyoiona miti ya Goweko, na huo ndio ukweli, tusimpambe.

Alhamisi asubuhi simu iliita yenyewe. Alikuwa Josepha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

"Shikamoo, shemeji. Silasi amekubali kuongeza bei. Kesho tunakwenda ofisi ya kijiji kuandikishana. Nimeona nikuambie kwanza, maana wewe ndiye uliyetufungua macho. Venansi angekuwepo angefurahi."

Egidi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepangwa, yalihitaji pumzi tu.

"Mungu ni mkubwa, shemeji," alisema. "Mwende salama."

 Stela alimwuliza ni nani, akasema ni Josepha, anasalimia. Kisha akajipa matumaini ya ajabu. Tangu lini ofisi ya kijiji ikamaliza jambo kwa siku moja? Mtendaji atakuwa safarini. Akiwepo, muhuri utakuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko msibani. Watarudishwa Jumatatu. Yeye atakwenda Jumamosi, atamkalisha Josepha chini, atamweleza taratibu, ana kwa ana, kama inavyompasa mkubwa wa familia. Ijumaa nzima alijipongeza kwa mpango huo.

Jumamosi alipanda bodaboda mapema akaenda Goweko. Kabla hajaiona nyumba alisikia msumeno wa injini ukilia porini, unanyamaza, unalia tena. Alimwambia kijana asimamishe pikipiki, akamalizia kwa miguu.

Uani palikuwa na mizinga imepangwa chini ukutani, magogo meusi ya zamani, mingine bado ina kamba zake za magome. Nyuki wachache walizunguka juu yake hawajui waingie wapi. Josepha alikuwa ameketi kibarazani anakamua masega.

"Karibu, shemeji. Umekuja wakati mzuri. Jana mtendaji alikuwepo, muhuri ukawepo, tukamaliza kabla ya adhuhuri. Silasi ana haraka, kuni zimemwishia. Pesa ipo, sijaigusa. Nilisema nikusubiri wewe uninunulie Nyanda."

Egidi aliketi. Aliutambua mzinga mmoja kwa alama ya shoka aliyoichonga baba yake. Alisikia mti mwingine ukianguka, ule mlio wa matawi yanayovunjika kabla ya shina kufika chini.

"Usinunue," alisema.

Akamweleza yote. Alimweleza habari ya debe, ya mnunuzi ambaye hakuja, ya sukari na sabuni. Alieleza vizuri, hata yule dada wa ukumbini asingemkosoa, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo alivyojichukia. Josepha alisikiliza mikono ikiwa imejaa asali. Hakuwa mjinga; mtu anayeishi na nyuki anajua maana ya kupima vibaya.

"Kwa hiyo ulikosea kipimo," alisema.

"Nilikosea kipimo, shemeji. Nisamehe."

"Hilo ni la kibinadamu. Baba mkwe naye angekosea hivyohivyo." Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Umelijua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana jioni, na hakuna kiumbe duniani ambaye angembishia. Msumeno ulinyamaza, kana kwamba nao unasubiri.

"Jumatano."

Josepha aliangalia upande wa pori, ambako sasa palikuwa na mwanga mwingi mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga.

"Alhamisi nilipokupigia," alisema polepole, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia ndani, akatoka na chupa, akaijaza asali ya kumpelekea Stela, kama alivyofanya kila Egidi alipokuja tangu aolewe katika ukoo ule. Aliifunga kifuniko, akakikaza, akakikaza tena.

"Msalimie dada," alisema, akamkabidhi, na akarudi kwenye masega yake bila kumsindikiza hadi njiani.