Orodha Iliyosahau Ilichobeba

Dada anayetuandikia programu za maabara huvua viatu kabla ya kugusa kibodi, na huinong'oneza kompyuta kama anayembembeleza mgonjwa. Asubuhi ile programu ya damu iligoma. Ilipokea orodha, ikashindwa kujua ndani mna nini, chupa za damu au wachangiaji, na wodi ya wazazi ilikuwa na mama anayesubiri kuongezewa damu.

"Tubahatishe tu, dada," nikamwambia.

"Damu haibahatishwi, mdogo wangu." Vidole vyake vyembamba vikatulia. "Orodha ikiwa kazini husahau imebeba aina gani. Ila pale ilipotangazwa mara ya kwanza, ndani ya maandishi ya programu, pameandikwa. Tukaulize pale."

Akaandika mistari mitatu tu, akaiamuru programu ijichungulie yenyewe huku ikiendelea na kazi. Kwenye kioo likatokea neno moja: ChupaYaDamu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikijitazama na kusema kilivyo. Mara orodha yote ikafunguka, na kundi la damu tulilomtafutia yule mama likaonekana.

"Njooni, damu ipo!" nikapaza sauti kwenye simu ya wodi.

Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa amefumba macho, akiinong'oneza kompyuta asante.