Timu Nane na Majina ya Mama Zao

Iko siku moja bado naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana huko baharini, mji wetu wa Palma ukajaa wageni hata samaki wa kitoweo tukawa tunawagombania. Usinihesabie umri. Nilikuwa nimeshapata wajukuu wawili, lakini akili ilikuwa bado ya kijana, maana nilipenda kusifiwa.

Mwanangu wa kumzaa, Momadi, alikuwa akiosha vyombo kwenye kambi ya gesi ya Afungi. Kontrato yake, yaani mkataba wa kazi, ilikuwa inakwisha mwezi ule, na wa kuamua kama ataongezewa alikuwa shefi wa jiko, mtu wa Maputo aitwaye Abilio. Abilio huyu alipenda basketi, huo mpira wa kikapu, kuliko chakula alichokipika. Kila mwaka kabla ya ligi kuanza alibandika karatasi ukutani mwa chumba cha kulia: timu hii itakuwa ya kwanza, hii ya mwisho. Na kila mwaka alikosea, wafanyakazi wakamcheka.

Adhuhuri hiyo Momadi akaja na karatasi yenye timu nane.

"Mama, shefi amesikia kwamba unapiga ramli."

"Amesikia kwa nani?"

"Kwangu."

"Na huyo shefi wako hana wachezaji wa kuwatazama, mpaka atazame mchanga wangu?"

"Amewatazama miaka sita, mama. Mchanga hauwezi kukosea kumshinda yeye."

Nilicheka, nikauleta ubao.

Ramli nilifundishwa na shangazi yangu, Bi Atija. Unatandaza mchanga mkavu ubaoni, unamtaja unayemuuliza pamoja na jina la mama yake, ndipo unachoma nukta kwa kidole bila kuhesabu, kisha unazifuta mbili mbili uone kinachobaki. Bila jina la mama, mchanga haumjui mtu. Sasa timu ya mpira ina mama gani?

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi sikusoma, nilitolewa darasa la pili, lakini jina nikilisikia halinitoki tena. Basi nikaazima majina ya kina mama wa mtaani wenye watoto wa kiume. Timu ya kwanza nikaipa Mwanasha, ya pili Rukia, ya tatu Zaina, ya nne Awa, ya tano Fatuma Bakari, ya sita Sifa, ya saba Halima wa kisimani. Nilipofika ya nane majirani walikuwa wameniishia, nikajitaja mwenyewe. Niliona ni mchezo tu.

Mchanga ukasema. Timu ya pili, mtu wake mrefu ataumia goti. Ya tatu itapoteza uwanja wake. Ya nane ikatoka Tariki, yaani njia: nukta nne, moja moja, kama nyayo za mtu anayekwenda peke yake. Nikasema, "Hii itacheza msimu mzima ugenini."

"Hakuna ligi ya namna hiyo, mama," Momadi akasema, lakini akaandika. Nami nikaona jambo: upepo ulikuwa unavuma uani, makuti yanapigana, na mchanga ule juu ya ubao haukusogea hata chembe.

Shefi alifurahi, kontrato ikaongezwa. Miezi miwili baadaye ligi ilikuwa imeshaanza, na Anli wa Rukia, kijana mrefu kuliko wote mtaani, akateleza juu ya mnazi, akaanguka, akavunjika goti. Nikampelekea uji. Wiki ile ile Zaina na mwanawe wakaambiwa nyumba yao, iliyo pembezoni mwa mtaa upande wa Afungi, imo ndani ya eneo la gesi litakalozungushwa ua, wahame.

Momadi akarudi kutoka kambini anacheka. "Mama, ile timu ya pili imeshinda mechi nne, na yule mrefu wao mzima kabisa. Shefi anasema mchanga wako umemdanganya."

Mchanga haukudanganya. Ulijibu habari za wana wa wale niliowataja.

Nikaenda kwa shangazi mchana huo huo. Nilimkuta anachambua choroko, nikamweleza yote, hakuinua kichwa.

"Umewaingiza wenzio mchezoni bila kuwaambia," akasema.

"Nilitengue vipi jambo hili, shangazi?"

"Nenda nyumba kwa nyumba. Mwambie kila mmoja jina lake ulilitumia wapi, umwombe radhi. Akikusamehe, lake limekwisha."

"Na la nane?"

Ndipo akanitazama. "La nane jina ni lako, ila msimu ni wa mwanao. Radhi kaombe kwake, kabla hajaondoka."

Sikuwa nimemwambia kwamba Momadi ana safari. Hata mimi nilikuwa sijui.

Nyumba saba nilizimaliza. Rukia alinifungia mlango, akanisamehe siku ya tatu, dirishani, bila kutoka. Lakini kwa Momadi niliona haya. Mama mzima amwombe radhi mtoto? Nikasema kesho, nikasema Ijumaa. Mara akapata kazi ya jikoni kwenye meli ya watafuta gesi, akaniaga asubuhi moja akiwa na haraka, na neno likanibaki mdomoni.

Alirudi ligi ilipokwisha, mzima, amenenepa. Akasimama mlangoni, akapiga hodi, akangoja. Nikamwambia apite, ni kwao. Akaketi ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyemsindikiza mwenzie. Akaniuliza maji ya kunawa yanawekwa wapi. Mwanangu, mtungi ule uko pale tangu hajazaliwa. Nikamshika mikono, nikamwomba radhi huku nalia.

"Hamna neno, bi mkubwa," akanijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mwanamke wa nyumba ya watu.

Ligi ilikwisha, msimu wake wa ugenini haukwisha. Mpaka leo anasimama mlangoni hadi akaribishwe.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, usilitie jina la mtu katika jambo asilolijua, hata kwa mzaha, hata kama watakusifu. Ya msimu ujao yaache yaje yenyewe. Na ukiwa na radhi ya kuomba, iombe leo, wala usitazame nani mkubwa na nani mdogo. Mungu akulindie jina lako na la mama yako, na popote utakapokwenda akurudishe ukiwa unatujua. Amina.