Shati la Meo

Mimi na Tancia tumefua nguo mto mmoja tangu ujana, kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari zake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Meo, kijana wa sura nzuri na mvivu wa kupindukia. Mchoraji wa picha ya kanisani alipotafuta mtu wa kusimama nusu uchi awe Mtakatifu Sebastiano, yule aliyefungwa mtini akapigwa mishale, Meo alikubali upesi. Kazi ya kusimama tu, angeikataaje?

Mwaka uliofuata tauni ikamchukua. Wakamtupa shimoni na wenzake, chokaa juu, kaburi hakuna. Tancia akabakiwa na ile picha kanisani. Kila asubuhi, kabla ya kushuka mtoni, alipita kumjulia hali mwanawe.

Sasa wasichana wetu, Mungu awasamehe, nao wakawa wanaikodolea macho, wala si kwa sala. Halafu wanakwenda kuungama. Padri Ambrogio akachoka kusikia habari za vifua na mapaja. Akatangaza kwamba picha itahamishiwa ndani, kwenye nyumba ya mapadri, ambako mwanamke hatii mguu.

"Wananizikia mtoto mara ya pili," Tancia akaniambia. Shuka ilimponyoka ikaenda na maji, asijali. Akapita kwake kuchukua kitu, akaenda kanisani. Nikamfuata, maana yeye si msemaji, na mimi mnanijua.

"Padri, kosa lake nini?" akauliza.

"Yuko uchi, mama."

"Si avishwe, basi."

"Nikimvisha, majeraha yataonekanaje?"

"Mji mzima ni wewe peke yako uliyeyaona hayo majeraha," nikamwambia. Hakucheka.

Tancia akatoa kapuni shati refu la kitani la Meo. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa bado analifua.

"Mchoraji amvishe hili. Mishale ipite humu humu, itoboe tu, Padri. Nitashona."

Padri alilishika lile shati, akaenda nalo kwa mchoraji. Picha ikabaki.

Mchoraji alipomaliza akarudisha shati likiwa limetobolewa kweli, eti alitaka kuona kitambaa kinavyojikunja kwenye mshale. Nilikuwa tayari kumpasha. Tancia akanishika mkono, akaketi ukingoni mwa mto, akatunga uzi sindanoni.

"Wewe Meo," akawa anamgombeza taratibu, kama zamani, "huwezi kukaa na nguo wiki moja bila kuichana?"

Niliinama nikaendelea kufua.