Baba wa Mwonevu

Petroli iliyomwagika kidogo, karanga za kukaanga, vumbi la simenti: harufu hizo zikikutana popote, mimi narudi sinema. Sinema yetu ya Likasi haikuwa na viti vya sponji wala pazia. Ilikuwa chumba cha matofali uani kwa nonko Anselme, na nonko kwetu ni mjomba, ndugu mdogo wa mama yangu. Madirisha aliyaziba kwa mifuko mitupu ya simenti ya Kakontwe ili jua la alasiri lisituharibie picha, na joto likabaki humo pamoja nasi. Kulikuwa na televisheni moja, mabenchi, na jenereta iliyokoroma nje hata ukahisi mtetemo wake kwenye meno. Msimu ninaoukumbuka ni ule wa jua kali kabla ya mvua, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa dada yake, niliingia bure na kukaa mbele kabisa. Wenzangu walinionea wivu, nami sikuwazuia.

Filamu zilikuja kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani, naye nonko ndiye aliyekuwa mdomo wake. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akapunguza sauti ya wazungu, akapandisha ya kwake. Wafasiri wote wa sinema za mitaa walikuwa na desturi moja: hukufasiri maneno tu, ulihamisha filamu nzima ikaja kukaa Likasi. Mji wa theluji uligeuka Kamatanda, kwenye machimbo yetu, polisi akawa wa kituo chetu, mama wa kizungu akapika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Filamu isiyohamishwa hivyo watu waliiita baridi, na wiki iliyofuata walikwenda kwa mfasiri mwingine. Nonko alijivunia kazi yake kupita kiasi. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na shangazi yangu alipenda kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma, lakini yeye mwenyewe hakukosa filamu hata moja.

Msimu huo ilikuja filamu ya kutisha iliyotokana na riwaya. Zimwi lilikaa ndani ya tanuri ya shule, likala watoto. Aliyelipelekea watoto hao alikuwa mwanafunzi mmoja mkubwa, mwonevu aliyewakokota wadogo kwa ukosi wa shati hadi kwenye mlango wa chuma. Nonko alimbatiza Ngumi. Mara ya kwanza tulipoiona, Ngumi alikuwa mbaya kuanzia alipotokea mpaka alipoliwa, na alipoliwa tulipiga makofi hadi mifuko ya madirishani ikatikisika. Mtu mbaya amekufa, basi, twende nyumbani. Lakini nonko aliipata riwaya yenyewe, kwa Kifaransa, katika maktaba ya parokia, na baada ya kuisoma alikuja kwetu amekasirika. Alimwambia mama kwamba waliotengeneza filamu walikata sura nzima, ile iliyoeleza Ngumi alikotoka, alivyolelewa, nani alimfundisha kupiga. Filamu haina subira, alisema. Inamtaka mwonevu wa kuogopa na wa kufa, haimtaki mwenye baba.

Na sisi tulikuwa na mwonevu wetu. Mwilambwe alikaa nyuma ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta, na alikuwa na miaka kama kumi na minne. Alitumwagia maji tuliyokwisha kuchota bombani. Alitunyang'anya karanga, akatafuna akitutazama. Alimsugua kaka yangu chokaa machoni, tukamwosha tangu adhuhuri hadi jua lilipopoa. Nilimchukia, nasema wazi, nilimwombea mabaya hata nikiwa kanisani. Jambo moja tu lilitushangaza juu yake: katika joto lile ambalo hata wazee walikaa vifua wazi, Mwilambwe hakuvaa kaptula. Suruali ndefu, siku zote, hadi mtoni. Tulidhani ni maringo.

Jumamosi iliyofuata nonko aliirudisha filamu ile, akatangaza kwamba leo mtaiona nzima. Katikati kuna mahali ambapo Ngumi anatembea peke yake barabarani, muda mrefu, bila neno. Hapo nonko akaiingiza sura iliyokatwa. Kitabuni baba yake Ngumi alikuwa mvunja makaa ya mawe, mlevi, aliyempigisha mwanawe magoti juu ya makaa usiku kucha. Nonko, kwa desturi yake, alimhamisha. "Baba yake anavunjaka majiwe ku Kakontwe," akasema, kijiti kikimfuata Ngumi barabarani. "Anatoka kule, anapita ku lutuku, anakunywa mpaka akili inaisha. Akifika ku nyumba anamwanga kokoto chini, anaambia mutoto: piga magoti. Njo maana magoti ya mutoto iko na vidonda, njo maana hawezi kuyaonesha bantu." Wanawake wakaguna. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha kimya kikaanza nyuma, kikaja mbele benchi kwa benchi, nami nikageuka kama wengine. Mwilambwe alikuwa amekaa karibu na mlango, na watu wote walikuwa wakiitazama suruali yake.

Nonko hakujua. Naapa hakujua, alitaka baba wa Likasi, akamchukua mvunja mawe mlevi kwa sababu wapo wengi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wasemavyo watu, lakini siku ile mtungi ulipasuliwa na mtu asiyejua kama una maji. Filamu ilipokwisha hatukupiga makofi. Watu walitoka wakiinamisha vichwa, na Mwilambwe akabaki. Mimi nilikuwa nikifagia maganda ya karanga.

"Nani alikuambia mambo ya kwetu?" akamwuliza nonko.

"Kwenu wapi? Hakuna muntu aliniambia. Iko mu livre, mu kitabu."

"Mu livre?"

"Yote. Hata magoti."

Mwilambwe alifikiri. Sijawahi kumwona na uso ule, uso wa mtoto anayesubiri kupewa kitu. "Na mu livre, yule baba, banamufanya nini?"

Nonko aliweza kudanganya. Siku zote alidanganya, alikuwa amewapa watu wa theluji Likasi na bukari wasiyoijua. Lakini mbele ya kitabu alikuwa mwaminifu kama padri. "Habamufanye kitu," akasema.

"Hata jirani moja?"

"Hata moja, mutoto yangu."

Mwilambwe akaitikia kidogo kwa kichwa, akatoka. Ninaamini kwamba alikuja na swali lile akiwa na tumaini, la mwisho pengine, kwamba huko kwa watu wanaoandika vitabu kuna mtu anayebisha hodi.

Maneno hufika vilabuni haraka kuliko miguu. Kabla jua halijatua, baba yake alikwisha kuambiwa kwamba mambo ya nyumba yake yanaonyeshwa kwenye sinema, na akaamini kilichokuwa rahisi kuamini: mwanawe ameyatangaza. Tulisikia kipigo chote kupitia ukutani. Mtaa mzima ulisikia, pamoja na yule mama wa kitenge, maana nyumba yake ilitazamana na yao. Nonko, aliyekuwa kwetu jioni ile, alisimama, akavaa viatu. Mama yangu akamwambia, "Ya mu nyumba ya bantu, Anselme. Ukiingia, kesho atamuua kabisa." Nonko akaketi, viatu miguuni, mikono juu ya masikio. Hao ndio watu walioguna na kulia alasiri kwa ajili ya mtoto wa kioo cha televisheni, na sikumsikia hata mmoja akifungua mlango. Sikuwachukia wakati ule. Nilikuja kuwachukia baadaye, na siku hizi sina nguvu hata hiyo.

Tangu siku hiyo sikio la kushoto la Mwilambwe halikusikia. Alizidi ukatili, kwa kuwa sasa ulipomlilia akuachie, kama ulikuwa upande ule, hakujua unalia. Watu wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wakasema kwa sauti ya hekima, kana kwamba methali ni kazi iliyokwisha kufanywa. Aliondoka kwenda kuchimba Kamatanda, na huko, alipokuwa mtu mzima, alimpiga mchimbaji mwenzake kwa sepetu, yule mtu akafa. Sasa yuko gereza la Buluo. Kwa miaka kadhaa mama yake alipita mbele ya nyumba yetu akipeleka chakula gerezani, kisha akaacha kupita, na hakuna aliyeuliza. Baba yake alizeeka vizuri. Alizikwa kwa misa.

Nonko alifunga sinema kabla simu hazijaifunga kwa niaba yake. Mwezi uliopita wanangu walipata kwenye simu filamu mpya ya riwaya ileile, imetengenezwa upya, na safari hii mwonevu amepewa kila kitu: baba, chupa, makaa, kinanda cha polepole chini ya machozi. Nilitazama nikijua nonko angefurahi. Wanangu walisema masikini, masikini weye, wakimaanisha kweli. Nami nikaona kwamba filamu ya zamani ilimwua mwonevu bila kumjua, na hii mpya inamjua vizuri sana, inamwonea huruma, kisha inamwua palepale pa zamani. Historia yake wameirudisha kama chumvi, ya kuongeza ladha tu. Wamemwongezea kila kitu isipokuwa jirani.

Mwisho huo niliuona baadaye; jioni ile tulikuwa tumefika nusu ya filamu, mwanga ungalipo, niliposikia mtoto wa nyumba ya pili akipigwa. Si kilio cha mtoto aliyekosea. Kile kingine, ninachokijua. Niliondoka, nikaenda, nikabisha hodi. Nilibisha kweli. Mlango ulifunguliwa na mama yake, akitabasamu. "Bonsoir, mama. Tuko salama, hakuna kitu." Nyuma yake mume aliniamkia kwa heshima, akanikaribisha kiti. Mtoto akaitwa aje anisalimie, akaja, akanipa mkono, macho chini, akasema, "Nilianguka." Sikuwa nimemwuliza. Nikawatakia jioni njema. Kabla sijafika kwangu kilio kilianza tena, cha chini zaidi, na kwa sababu yangu.

Wanangu waliposikia mlango waliisimamisha filamu. Mdogo alinisogezea nafasi kitini, mtoto mwenye moyo mzuri, hapendi mama yake akose kitu.

"Mama, ulikosa pale baba yake anamupiga," akasema. "Njo kipande kizuri. Tukurudishie?"