Komeo la Mahfoudh

Miaka thelathini na mmoja Mahfoudh alikuwa fundi wa kufuli Mji Mkongwe. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za nyumba moja ya Malindi, hakizidi upana wa kitanda, na humo mlikuwa na kufuli zilizopasuliwa matumbo, tupa za kila ukubwa, na jiriwa ya kubania chuma iliyofungwa kwenye meza nzito. Alikuwa na ada moja: kila kipande alichochonga, alichonga viwili. Cha kwanza alikichukua mwenye mali. Cha pili kiliingia kwenye kopo la maziwa, kimefungwa uzi na kijikaratasi cha jina, ili siku mteja akirudi na lawama, fundi aweze kuonesha kilichotoka mkononi mwake.

Miaka minne nyuma alichonga kitu kisichokuwa cha mlango. Abrahman, msimamizi wa kampuni moja ya ulinzi, alikuja na bastola imefungwa ndani ya taulo. Komeo lake la usalama, lile linalozuia kifyatulio kisivutike, lilikuwa limevunjika, na bastola yenyewe ilikuwa kuukuu. Kipuri hakikupatikana Unguja wala bara.

"Mimi fundi wa kufuli, Abrahman. Kibali cha silaha sina."

"Na hii nini? Si inafunga na kufungua? Au ushazeeka?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Alikaa nayo kutwa tatu, mlango wa kibanda umerudishwa. Hakuliiga komeo la zamani, alibuni lake: kipande cha chuma chenye jino dogo, springi ya mkoba wa zamani ikilisukuma nyuma yake. Jino likaingia katika pengo, kifyatulio kikagoma. Alikivuta mara mia, kikagoma mara mia. Akapiga hesabu ya mlango, maana hesabu nyingine hakuwa nayo: kufungwa asubuhi, kufunguliwa jioni. Kwa mwendo huo jino lingeishi kuliko yeye.

Mwaka wa pili bastola ilirudi kutiwa mafuta. Safari hii aliileta mlinzi aliyekabidhiwa wiki ile ile, Jaku, mtu wa Makunduchi, mpana wa mabega na mwepesi wa kicheko, aliyekuwa akilinda geti la hoteli Kendwa. Alitoa risasi, akakalia ndoo kungoja, na huku akizungumza kidole gumba chake kikawa kinalipandisha komeo na kulishusha. Ka, ka. Ka, ka.

"Wewe, hiyo si tasbihi," Mahfoudh alimwambia.

Jaku akacheka. "Ami, masaa kumi na mbili getini, mtu utafanya nini? Wenzangu wanatafuna njugu, mie natafuna chuma."

Mahfoudh naye akacheka. Alipolifungua komeo, aliona ncha ya jino imeanza kung'aa, kama sarafu iliyopita mikono mingi. Ilikuwa Ijumaa na adhana ilikuwa karibu. Alivuta kifyatulio mara kumi, kikagoma mara kumi. Akapaka mafuta.

"Bado zima," alisema, akaenda kutia udhu.

Mwaka huu, asubuhi ya Jumanne, Mcha muuza kahawa alipita na deli lake na habari.

"Mmesikia ya Kendwa? Mlinzi kaua mfuaji wa hoteli. Bi Tabia, kaacha watoto watatu. Jamaa anaichomeka bastola kiunoni, ukanda ukanasa kifyatulio, risasi ikapita ukuta wa mbao. Bi Tabia yuko upande wa pili anakunja mashuka."

"Na mlinzi?" Mahfoudh aliuliza.

"Yuko ndani. Anashikilia eti komeo alikuwa kashalifunga." Mcha akagonganisha vikombe. "Na wewe fundi ndiye shahidi: nani aliyeibiwa akakubali kuwa mlango aliuacha wazi?"

Waliokuwa barazani wakacheka. Mahfoudh aliitia kahawa yake mtaroni, akafunga kibanda na mchana haujafika.

Nyumbani Bububu alimsimulia mkewe, Salhiya, tangu taulo hadi mafuta. Salhiya alimsikiliza mwiko mkononi.

"Nani anajua kuwa ni wewe?"

"Abrahman."

"Abrahman kaipeleka bastola kwa fundi asiye na kibali. Atasema nini? Utafungwa, Mahfoudh, na sukari yako hiyo. Tabia kashakufa. Ukenda wewe atafufuka?"

"Hatofufuka."

"Basi kula wali wako."

Akala. Akala na Jumatano, akala na Alhamisi.

Ijumaa alilitoa kwenye kopo komeo la pili, pacha wa lile la bastola, akalibana kwenye jiriwa na kuanza kulipandisha na kulishusha kwa kidole gumba, akihesabu kwa sauti ndogo. Adhana ilipita, hakuinuka. Alipofika elfu nne kidole kilikuwa kimevimba. Akalifungua, akalitazama jino mlangoni penye mwanga. Ncha ilikuwa inang'aa, sawasawa na alivyoiona siku ile. Miaka miwili ya walinzi wengine, asubuhi na jioni, haifiki hata elfu mbili; haikuwa imelifanya kitu. Siku chache za kidole cha Jaku ndizo zilizoanza kulila, na yeye alikisikia kile kidole kikilila, akakifanyia mzaha.

Jumamosi asubuhi alikwenda polisi na kopo lake.

Mpelelezi aliyaweka makomeo mawili juu ya karatasi nyeupe. La koponi lilikuwa na jino kali, limeng'aa nchani tu. Lile la bastola jino lake lilikuwa mviringo kama punje ya mtama.

"Lakini kwa nje lilikuwa limepanda," alisema mpelelezi. "Linaonesha limefungwa."

"Linaonesha," alijibu Mahfoudh. "Ndani halishiki kitu."

Mpelelezi aliandika kwa muda mrefu, akasimama na kuamuru Jaku aletwe. Mahfoudh asingalimtambua. Mabega yalikuwa yamemwanguka, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikicheza peke yake juu ya kidole cha shahada, kinapanda, kinashuka.

"Shikamoo, ami," alisema kwa mazoea.

"Marahaba."

Mpelelezi alimweleza. Jaku aliyatazama makomeo, machozi yakamtoka.

"Si nliwaambia? Nliwaambia nlilifunga."

"Ulilifunga, mwanangu."

Jaku alijifuta uso kwa mkono wa shati. Halafu kitu kikamjia, akainua macho taratibu.

"Siku ile nimekalia ndoo. Ulilifungua ukalitazama. Uliona?"

Mahfoudh alikuwa ameshika kopo tupu kwa mikono miwili.

"Niliona kidogo."

"Kidogo kiasi gani, ami?"

Mpelelezi aliinua kalamu akingoja jibu, na Mahfoudh akaanza kueleza, tangu mwanzo, mng'ao wa ncha ya jino ulivyokuwa.